Sisimizi wa Udongo Mweusi

Mwaka 1964 wanasayansi wawili, Edward Wilson na Robert Taylor, walichapisha maelezo ya kundi la sisimizi waliokufa pamoja kisiwani Mfangano, katika Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Visukuku vilikuwa zaidi ya 300, vyote vya jamii moja: vibarua wakubwa, vibarua wadogo, na wachanga ambao hawakuwahi kukomaa. Walikuwa maji moto, ndugu wa hao hao wanaoshona majani ya mwembe kwa uzi wa mabuu yao na kumfanya mtoto aliyepanda kuiba embe ateremke mbio. Wilson na Taylor waliwapima, wakawalinganisha na maji moto wa siku hizi, wakaona kwamba tofauti ya maumbo kati ya vibarua wakubwa na wadogo ilikuwapo tayari miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Spishi hiyo ikaitwa Oecophylla leakeyi, kwa heshima ya Louis Leakey, mtafiti wa visukuku.

Aliyewatunza ni Kisingiri, volkano iliyozimika zamani ambayo mabaki yake ni milima ya Gwasi. Majivu yake yaliifunika nchi ambayo leo ni Rusinga na Mfangano, yakahifadhi matunda, mbegu, konokono, wadudu, na yule nyani mkubwa wa kale, Proconsul, ambaye fuvu lake Mary Leakey alilipata Rusinga mwaka 1948. Fuvu hilo lilisafiri hadi London na magazetini. Sisimizi hawakusafiri sana. Ila kwa wanaosoma wadudu, Mfangano ni mahali pa kutajwa kwa adabu, kwa kuwa ni nadra mno kupata jamii nzima ya sisimizi ikiwa imegeuka jiwe pamoja. Kwa kawaida hupatikana mmoja mmoja, aliyenaswa na utomvu wa mti.

Hapo ndipo fikira zangu hunipeleka nisikotaka. Sisimizi waliokufa kabla binadamu hajakuwapo duniani wana jina, wana vipimo, wana makala yao. Miongoni mwa wale wanaokatiza kijia cha Ndhiwa asubuhi ya leo, wakibeba punje ya mtama iliyoanguka guniani, wamo wasio na hata kimoja kati ya hivyo.

Dunia inawajua sisimizi wa spishi zaidi ya 14,000, na wataalamu wengi wanaamini kwamba waliobaki bila majina ni maelfu. Kwa hesabu ya vichwa, makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 yalifika 20 ikifuatwa na sifuri 15, yaani karibu milioni mbili na nusu kwa kila mtu aliye hai. Mwaka huo huo Jamie Kass na wenzake, wakifanya kazi Okinawa nchini Japani, walikusanya kumbukumbu za sisimizi kutoka pembe zote za dunia na kuchora ramani mbili. Ya kwanza inaonyesha tunachojua. Ya pili inakadiria tungekuwa tunajua nini kama kila mahali pangechunguzwa kwa bidii sawa. Ukiziweka pamoja unagundua kwamba ramani ya kwanza, kwa sehemu kubwa, ni ramani ya nyayo za watafiti: palipo na chuo, barabara na fedha pana sisimizi wengi, pasipo na hivyo panaonekana patupu. Ramani ya pili inaujaza utupu huo, hasa katika nchi za joto. Kass na wenzake waliongeza jambo linalouma zaidi: kati ya maeneo yenye sisimizi adimu kuliko yote, ni takriban asilimia 15 tu yenye ulinzi wowote wa kisheria.

Magharibi mwa Kenya nyayo hizo zinaelekea Kakamega. Msitu ule umechunguzwa kwa miaka mingi, na orodha iliyochapishwa mwaka 2009 ilikaribia spishi 300. Ni kazi ya kujivunia. Lakini nadhani kuna upendeleo ndani yake ambao hatuusemi kwa sauti. Msitu una heshima. Una giza, una mbega, una miti ambayo mgeni anaweza kuipiga picha akaombea fedha. Nani atapiga picha uwanda wa Lambwe mwezi wa Februari, nyasi zimekauka, ardhi imepasuka, na kitu pekee kinachotembea ni ng'ombe anayetafuta maji? Kumbukumbu za sisimizi wa Homa Bay na Migori zipo, ila zimetawanyika: pini moja hapa, chupa moja kule, mstari mmoja ndani ya makala iliyohusu jambo lingine kabisa.

Na hao wa Februari ndio wanaonivutia. Katika msitu wenye unyevu, majani yaliyooza hulala chini mwaka mzima, na mtafiti akiyachekecha na kuyaning'iniza kwenye mfuko wa kitambaa, sisimizi watateremka chupani mwezi wowote atakaokuja. Nchi yenye kiangazi haifanyi hivyo. Kando ya ziwa watu wanaugawa mwaka kwa oro, chwiri na opon: ukavu, mvua za kwanza ambazo ndizo kuu, na zile fupi za mwishoni mwa mwaka. Sisimizi nao wameugawa, pengine kwa makini kutushinda. Wapo wanaoonekana juu ya ardhi majuma machache tu baada ya mvua ya kwanza, kisha wanarudi chini kusikofikiwa na jembe. Wapo wanaotoka usiku peke yake, wakikwepa jua ambalo mchana lingewakaanga. Wapo wavunaji wanaolundika mbegu za nyasi ghalani kipindi cha neema, wakala wakati wa dhiki. Na wapo ambao maisha yao yote ni ya ardhini, vipofu na wa manjano, ambao utawaona tu ukichimba mahali sahihi kwa bahati nzuri.

Kwa hiyo katika nchi kama hii kuna wanaoishi mahali pamoja kwa miezi tofauti. Kwenye hatua kumi za shamba moja la Rangwe, kundi la Machi si lazima liwe kundi la Agosti. Mtafiti anayekuja mara moja, akafukia vikombe vyake usawa wa ardhi kwa siku tatu na kuondoka, amesoma ukurasa mmoja. Akiandika kwamba nyika ina spishi chache kuliko msitu, huenda ni kweli. Lakini huenda pia alichopima ni likizo ya chuo chake.

Kuna siku moja ambayo kila mtu wa kando ya ziwa anaijua bila kufundishwa. Mvua imenyesha jana yake, jua limetoka, na hewa inajaa mabawa. Wengi wa wale wanaokimbiliwa na watoto kwa sufuria ni kumbikumbi, ng'wen kwa Waluo, ambao kwa ukoo si sisimizi hata kidogo. Mchwa ni jamaa wa mende, na mtu akitaka kubisha hilo abishane na wanasayansi. Lakini humo humo, siku hiyo hiyo au inayofuata, wanaruka pia malkia na madume wa sisimizi halisi. Malkia akishapandwa anashuka, anakata mabawa yake mwenyewe, anatafuta ufa ardhini na kuanza taifa. Dume anakufa. Hapo kuna fumbo ambalo limewasumbua wataalamu tangu enzi za mwanasayansi Linnaeus: dume halifanani na vibarua wa nyumba yake. Dume la siafu ni dude kubwa la kahawia lenye tumbo kama soseji, linalogonga taa za nyumba usiku wa mvua. Linnaeus alipolipata mwaka 1764 aliliweka pamoja na nyigu, na haikuwa rahisi kwa waliomfuata kuliunganisha na wale siafu wanaofukuza familia nzima kitandani. Mpaka leo makabati ya makumbusho yana madume yasiyojua vibarua wao, na vibarua wasiojua madume wao. Mitego ya hema iliyowahi kusimamishwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruma ili kunasa nzi na nyigu ilinasa pia madume kama hayo. Yaliingia chupani na kuandikiwa tarehe, na sasa yanangoja mtu atakayewasaka wenzao ardhini.

Kumtambua kibarua nako si kazi ya macho makavu. Jenasi Pheidole ina vibarua wa aina mbili, wadogo wa kawaida na askari wenye vichwa vikubwa, na mara nyingi bila askari huwezi kusema ni spishi gani. Tetramorium wa Afrika walihitaji miaka ya Barry Bolton wa makumbusho ya London kuwapanga, na tangu hapo wameendelea kuongezeka. Mwaka 2019 kundi moja la wataalamu liliwapitia upya Discothyrea wa Afrika, sisimizi wadogo mno wanaokula mayai ya buibui, likahesabu spishi 20. Kati ya hizo 15 zilikuwa mpya kwa sayansi. Fikiria hesabu hiyo kidogo. Robo tatu ya ukoo mzima ilikuwa haina majina, na si kwa sababu imejificha mwezini: wengi walikuwa tayari ndani ya chupa, wamekusanywa, wakingoja mtu mwenye darubini na muda.

Muda, ndiyo. Nimekuja kuamini kwamba mdudu katika nchi yetu ana milango miwili ya kuingilia katika elimu yetu. Mlango wa kwanza ni madhara. Bonde la Lambwe linajulikana duniani kwa mbung'o. Malale ndiyo yaliyowaweka watu mbali na bonde kwa miongo mingi, na kwa sababu hiyo korongo, yule swala mkubwa aliyepotea kwingine nchini, alibaki pale, hifadhi ikatangazwa mwaka 1966, na mwaka 1983 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma yenye kilomita za mraba 120. Mwaka 1981 ndege zilimwaga endosulfani juu ya vichaka ili kumwangamiza mbung'o huyo. Tunajua anaruka saa ngapi, anapenda rangi gani, anavutwa na harufu ya mnyama yupi. Sumu ile ilipomwagika, sisimizi waliokuwa chini ya vichaka hivyo hivyo, baadhi yao wakiwa walaji wa bundo za mbung'o aliyekuwa akitafutwa, hawakuwa na mtu wa kuwaulizia.

Mlango wa pili ni faida, na hapa Homa Bay ina jambo la kujivunia. Thomas Odhiambo, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1931 na kusoma Makerere na Cambridge, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kuendelea kuazima elimu ya wadudu wake mwenyewe. Mwaka 1970 alianzisha icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, na tawi lake la Mbita, kando kabisa ya ziwa, leo lina jina lake. Hapo ndipo mbinu ya Vuta-Sukuma ilipopikwa katika miaka ya 1990, chini ya Zeyaur Khan: mkulima anapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, nondo wa bungua wanaichukia harufu yake, gugu la kayongo linashindwa kushika mizizi ya mahindi, na nyasi zilizopandwa pembezoni zinawavuta nondo huko nje. Watafiti walipotazama chini katika mashamba hayo waliona pia kwamba wawindaji wa ardhini, sisimizi na buibui wakiwamo, ni wengi kuliko katika mahindi matupu. Hiyo ni sifa ya haki. Lakini angalia sisimizi alivyoingia kitabuni: kwa jina la ukoo, kama kibarua wa shamba. Ni spishi zipi, na yupi kati yao anakula mayai ya bungua ilhali yupi anafuga vidukari? Mkulima angefaidika kujua hilo, kwa maana kundi moja ni rafiki yake na lingine linamwibia huku likionekana lina shughuli.

Kisha mwaka 2025 biashara nayo ikabisha hodi. Mwezi wa Aprili vijana wawili wa Ubelgiji, kila mmoja akiwa na miaka 19, walikamatwa Naivasha wakiwa na sisimizi wapatao 5,000 ndani ya mirija zaidi ya 2,200 iliyotiwa pamba ili wadumu safarini. Wengi walikuwa malkia wa Messor cephalotes, mvunaji mkubwa mwekundu wa nyika zetu, anayetafutwa Ulaya na Asia na watu wanaofuga sisimizi sebuleni. Mwezi uliofuata mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni 1 au kifungo cha miezi 12. Wakenya wengi walicheka: sisimizi nao wanaibwa? Mimi sikuona la kuchekesha. Walikuja Aprili. Malkia wa wavunaji hawa huruka mvua zikianza, na mtu anayetaka malkia maelfu lazima aijue kalenda hiyo kwa hakika. Wenye magendo walikuwa wamesoma majira ya ardhi yetu vizuri kuliko ratiba zetu nyingi za utafiti.

Wapo watakaouliza kwa nini tujisumbue na asiyeleta ugonjwa wala pesa. Jibu la kwanza ni Laikipia. Kule migunga inayopiga mluzi upepo ukivuma huishi na sisimizi ndani ya vinundu vyake, nao huilinda dhidi ya ndovu kwa kumng'ata mkongani. Miaka ya karibuni sisimizi mgeni mwenye askari wa vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, aliingia na kuwaua walinzi hao. Ndovu wakaivunja miti, uwanda ukawa wazi, simba wakakosa pa kujificha. Utafiti ulioongozwa na Mkenya Douglas Kamaru, uliochapishwa Januari 2024, ulionyesha kwamba simba wa Ol Pejeta walipunguza kuua pundamilia wakageukia nyati. Sisimizi asiyefika milimita nne alibadilisha chakula cha simba. Utafiti huo uliwezekana kwa sababu sisimizi wa migunga ile walikuwa wamekwisha kujulikana, spishi nne, kila moja kwa jina na tabia. Bila hayo watu wangeona miti inavunjika wakawalaumu ndovu peke yao.

Ruma nayo ina migunga na udongo ule mweusi unaonata kwenye buti wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Nje ya uzio, nchi inabadilika upesi. Miwa imesambaa kutoka Awendo hadi Ndhiwa, wachimba dhahabu wanaigeuza ardhi ya Macalder juu chini, na makaa yanateremka barabarani kila alfajiri. Simlaumu anayepanda miwa. Karo haisubiri orodha ya sisimizi. Ninachosema ni kwamba shamba linapolimwa upya kila msimu, nyumba za ardhini zinavunjwa kila msimu, na wanaorudi kwanza ni wale wale wanaorudi kila mahali duniani, wapenda makombo na vibanda. Wa mahali hapo, aliyezoea nyasi fulani na mvua fulani, anaweza asirudi. Na kwa kuwa hakuandikwa, hata kuondoka kwake hakutaandikwa.

Jibu la pili halina faida yoyote ndani yake, nami nalipenda zaidi. Watu wa Thimlich Ohinga, kule Migori, walipanga mawe makavu bila chokaa yakasimama kwa karne nyingi, na mwaka 2018 dunia ikayaingiza katika orodha ya urithi wake. Hakuna aliyeuliza kuta hizo zinaleta shilingi ngapi kabla ya kukubali kwamba zinastahili kujulikana. Chini ya mawe hayo hayo, penye kivuli na unyevu wakati wa oro, wanaishi wajenzi wengine. Sioni kwa nini heshima iishie kwenye jiwe.

Kazi yenyewe si ghali. Mwalimu wa sayansi wa Mbita, Rodi Kopany au Rongo anayesoma haya anaweza kuianza muhula ujao katika uwanja wa shule yake. Anahitaji chupa ndogo zenye kifuniko, spiriti ya kutosha kuwafunika wadudu, koleo la kushikia, na penseli, maana wino huyeyuka. Achague mahali pamoja, chini ya mti mmoja na kando ya jiwe moja, arudi hapo na wanafunzi wake katikati ya oro, juma la kwanza la chwiri, na tena wakati wa opon. Ndani ya kila chupa aweke karatasi yenye kijiji, tarehe, saa, na mahali hasa walipopatikana: juu ya mwembe, ndani ya mtama, chini ya kinyesi kikavu cha ng'ombe. Asiingie Ruma bila kibali cha Huduma ya Wanyamapori, na asimuuzie wala asimtumie mgeni yeyote malkia, hata akiambiwa ni kwa ajili ya sayansi. Chupa zikishajaa, azungumze na icipe hapo Mbita au na idara ya wadudu ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Chupa isiyo na tarehe haitamsaidia mtu, kwa hiyo tarehe iandikwe kwanza.